Chusa na Daftari: Historia ya Kuwindwa kwa Nyangumi wa Nundu



Kila mwaka kusi likishika, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wa nundu hufika katika maji yetu. Huonekana Watamu na Kilifi, huonekana katika mkondo wa Unguja, na kusini zaidi huonekana kwa wingi Msumbiji na Madagaska. Wametoka katika bahari ya barafu ya Antaktiki, safari ya zaidi ya kilomita 6,000, kuja kupandana na kuzaa katika maji ya uvuguvugu. Wakiwa huku karibu hawali kabisa. Mama huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini huko kusini, na kwa mafuta hayohayo humnyonyesha ndama wake. Mafuta hayo ndiyo yaliyomponza.

Nimeombwa nieleze jinsi mnyama huyu alivyowindwa, nchi kwa nchi, na nitafanya hivyo. Lakini nina hoja moja ninayotaka mwondoke nayo. Nyangumi wa nundu aliuawa kwa vyombo viwili. Cha kwanza ni chusa, ambacho kila mtu anakifahamu. Cha pili ni daftari: leseni zilizotolewa bila kujua wanyama ni wangapi, migawo iliyopimwa kwa kipimo kibovu, na ripoti zilizoandikwa uongo. Chusa kiliua mnyama mmoja mmoja. Daftari liliruhusu mauaji yaendelee hata baada ya kila mwenye macho kuona kwamba wanyama wanakwisha.

Mnyama mwenyewe

Nyangumi wa nundu aliyekomaa hufikia urefu wa mita 13 hadi 16 na uzito wa tani 30 hivi. Mapezi yake ya ubavuni ni marefu kuliko ya nyangumi mwingine yeyote, karibu theluthi ya urefu wa mwili. Chakula chake ni krili, wale uduvi wa bahari ya baridi, pamoja na samaki wadogo. Jike hubeba mimba kwa muda unaokaribia mwaka mzima, na kwa kawaida huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu. Jamii inayoongezeka kwa mwendo huo haivumilii mavuno makubwa.

Alikuwa windo jepesi. Huogelea polepole, hupita karibu na pwani, na hurudi kwa njia ileile majira yaleyale. Zaidi ya hayo, mama hamwachi mtoto wake. Wawindaji wengi wa zamani walimchoma ndama kwanza, wakijua mama atabaki pale pale mpaka wamfikie. Kilichomlinda kwa karne nyingi ni jambo moja: akifa, mara nyingi huzama. Mashua ya makasia haikuweza kuuzuia mzigo wa tani 30 unaokwenda chini.

Enzi ya makasia na tanga

Uwindaji wa zamani ulikuwa wa pwani. Huko Bahia, Brazili, Wabaski walioletwa na watawala wa Kireno walianza kuwinda nyangumi mwanzoni mwa karne ya 17, na nyangumi wa nundu aliyeingia ghubani kuzaa alikuwa miongoni mwa windo lao. Japani, mjini Taiji, tangu miaka ya 1670 watu walipanga mashua kwa makumi, wakamfukuza mnyama hadi kwenye nyavu nene, kisha wakamchoma. Nyama, mafuta na mifupa, vyote vilitumika.

Karne ya 19 ikawa ya Wamarekani. Merikebu za New Bedford na bandari jirani zilizunguka bahari zote za dunia zikimtafuta hasa yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa anayetoa ambari, kwa sababu mafuta yake yalikuwa ghali. Nyangumi wa nundu walimfuata pale alipopatikana, na wengi waliowachoma walizama au walikatika kamba wakapotea. Merikebu hizo zilifika hadi kwetu. Baada ya Sultani Said bin Sultan kuwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, bandari ya Unguja ikawa mahali pa kutia nanga, kuchukua maji na vyakula, na kubadili mabaharia. Mmoja wa mabaharia hao, J. Ross Browne, aliiacha merikebu yake Unguja, na mwaka 1846 akachapisha kitabu kuhusu maisha ya wawindaji wa nyangumi, kikiwa na sura za kukaa kwake kisiwani. Kitabu hicho kinaonyesha mateso ya mabaharia wa kawaida: kupigwa, njaa, na ujira ambao baada ya kukatwa madeni haukubaki kitu. Hata katika enzi hiyo, aliyefaidi alikuwa mwenye merikebu aliyekaa nchi kavu.

Kutoka katika merikebu hizo kulizaliwa uwindaji mdogo wa visiwani. Katika miaka ya 1870 William Wallace alirudi nyumbani Bequia, kisiwa cha Saint Vincent na Grenadines huko Karibea, akiwa amejifunza kazi katika meli za Wamarekani, akaanzisha uwindaji wa mashua za tanga na chusa cha mkono. Tonga nao waliupata ujuzi huo kwa wageni katika karne hiyo ya 19. Watu hawa waliua wanyama wachache kwa mwaka na nyama ikaliwa na kijiji. Nawataja kwa makusudi, kwa sababu tutakapofika kwenye hukumu ni lazima tuwatenge na wale ninaokuja kuwaeleza sasa.

Norwei na Uingereza: mzinga, mvuke na leseni

Mtu aliyebadili kila kitu ni Svend Foyn, mwindaji tajiri wa sili kutoka Tønsberg, Norwei. Katika miaka ya 1860 alijenga boti ya mvuke yenye mzinga puani, na mwaka 1870 akapata hataza ya chusa chenye bomu. Chusa kinaingia mwilini, bomu linalipuka ndani, na kamba nene inamshika mnyama asizame. Baadaye wawindaji wakawa wanampulizia mzoga hewa ili uelee. Ile kinga ya kuzama ikaondoka mara moja.

Foyn alianzia Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei. Wavuvi wa huko ndio waliokuwa wa kwanza kupinga. Waliamini kwamba nyangumi huwasukuma samaki kuja pwani, na kwamba wakiuawa, samaki nao watapotea. Serikali haikuwasikiliza. Mwaka 1903, wakiwa wameshindwa msimu baada ya msimu, wavuvi walikivamia kituo cha nyangumi cha Mehamn wakakibomoa. Mwaka uliofuata, 1904, bunge la Norwei likapiga marufuku uwindaji wa nyangumi katika pwani hiyo. Wavuvi walishinda kwao, lakini makampuni hayakufa, yalihamia kusini.

Novemba 1904, nahodha Mnorwei Carl Anton Larsen, akitumia mtaji wa Buenos Aires, alifungua kituo cha Grytviken katika kisiwa cha South Georgia, koloni la Uingereza karibu na Antaktiki. Humo ghubani nyangumi wa nundu walikuwa wengi hata boti hazikuhitaji kwenda mbali. Makampuni mengine ya Norwei na Uingereza yakafuata. Katika msimu wa 1910 hadi 1911 pekee, zaidi ya nyangumi wa nundu 6,000 waliuawa katika kisiwa hicho. Miaka michache baadaye walikuwa wameadimika kiasi kwamba boti ziligeukia nyangumi bluu na wengineo.

Kwa nini kasi hiyo? Mwanzoni mwa karne ya 20 wakemia wa Ulaya waligundua namna ya kuyagandisha mafuta ya majimaji. Mafuta ya nyangumi yakawa sabuni, na baadaye yakawa majarini kwenye mkate wa mfanyakazi wa Ulaya. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, gliserini iliyotokana nayo ikatengenezewa baruti. Mama aliyekuwa akijiwekea akiba ya kumnyonyesha mwanawe alikuwa akibeba malighafi ya viwanda.

Serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwa kila pipa na ikatoa leseni. Mwanzoni haikujua nyangumi ni wangapi wala wanatoka wapi. Kuanzia mwaka 1925 ikagharimia utafiti uliopewa jina la meli yake, Discovery. Wanasayansi wake walibuni vishale vya chuma cha pua vyenye namba, wakavipiga katika misuli ya nyangumi hai. Mnyama alipouawa mahali pengine, kishale kilirudishwa kwa zawadi. Kwa njia hiyo ikathibitika kwamba nyangumi wanaokula Antaktiki ndio haohao wanaokwenda kuzaa katika pwani za joto za mabara ya kusini. Mwaka huohuo wa 1925, meli ya Kinorwei iitwayo Lancing ikaanza kazi ikiwa na mteremko nyuma wa kuvutia mzoga hadi sitahani. Kiwanda kizima sasa kilikuwa baharini. Hakikuhitaji tena bandari, kwa hiyo hakikuhitaji kibali cha gavana yeyote. Sayansi ilikuwa inaanza kuhesabu, na wawindaji walikuwa wamekwisha kutoka nje ya mkono wa sheria.

Pwani za Afrika

Wengi hudhani mambo haya yalitukia mbali na Afrika. Sivyo. Mnyama aliwindwa akila kusini, na akawindwa tena akija kuzaa kwetu.

Afrika Kusini, kituo cha Durban kilianza mwaka 1908, kwa mtaji na ujuzi wa Wanorwei, na hakikufungwa hadi 1975. Miaka yake ya mwanzo ilitegemea nyangumi wa nundu waliokuwa wakipita kuelekea Msumbiji. Katika miaka ya 1910 kulikuwa pia na kituo Linga Linga, karibu na Inhambane, ndani ya mazalio yenyewe. Upande wa magharibi, boti za Wanorwei zilifanya kazi Angola na Gabon, zikiwa na vibali vya wakoloni wa Kireno na Kifaransa. Huko Cap Lopez, Gabon, historia ilijirudia mara kadhaa: wanawindwa mpaka wanakwisha, watu wanaondoka, miaka inapita, wanarejea tena. Mara ya mwisho kubwa ilianza 1949. Katika mwaka huo na uliofuata waliuawa zaidi ya 1,000 kila mwaka. Kufikia 1952 waliobaki hawakutosha kulipia gharama. Madagaska nayo ilipata zamu yake, kwa meli za viwanda, kabla na baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Katika orodha hii yote hamtaona nchi iliyotawaliwa na Waafrika wenyewe. Mwafrika alikuwepo kama kibarua wa kukata minofu na kuchochea matanuri. Leseni ilitolewa na serikali za Wazungu, na mafuta yalikwenda Ulaya. Bahari yetu ilitoa mali, na hatukupewa hata nakala ya hesabu.

Kipimo kibovu: Australia na Nyuzilandi

Ubaya wa uwindaji huu ulionekana mapema. Makubaliano ya mwaka 1938 yalizikataza meli za viwanda kuwinda nyangumi wa nundu katika bahari ya kusini. Kisha, tarehe 2 Desemba 1946, nchi zilikutana Washington zikatia saini mkataba ulioanzisha Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Mkataba ulisema utahifadhi nyangumi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kipimo ulichokitumia kikasaliti maneno hayo.

Kipimo kiliitwa kizio cha nyangumi bluu. Nyangumi bluu mmoja alihesabiwa sawa na nyangumi wa nundu wawili na nusu, na sawa na wadogo zaidi sita. Mgawo wa mwanzo ulikuwa vizio 16,000 kwa msimu, kwa nchi zote pamoja. Ni sawa na kuwaambia wavuvi wa Pemba wavue tani kumi za samaki bila kuuliza kama ni changu, kolekole au nguru: watamaliza aliye karibu, kisha watahamia kwa mwingine, na daftari litaonyesha kila mwaka kwamba sheria imefuatwa. Kipimo hicho kilihesabu mafuta. Hakikuwahesabu wanyama. Mwaka 1949 Tume ikafungua tena mlango wa kuwinda nyangumi wa nundu kusini kwa mgawo wa 1,250, na msimu wa kwanza tu mgawo huo ukapitwa.

Australia ikaingia kwa nguvu. Kituo cha Tangalooma, karibu na Brisbane, kilifanya kazi kuanzia 1952 hadi 1962 na kuua nyangumi wa nundu 6,277. Byron Bay ikaua zaidi ya 1,100. Magharibi kulikuwa na vituo vingine. Mwanasayansi wa serikali, Graham Chittleborough, alipima ovari, akasoma umri, akahesabu, akaonya kwamba uwindaji umezidi uwezo wa wanyama. Lakini kulikuwa na jambo lililomtatiza: wanyama walikuwa wakipungua kwa kasi kuliko idadi iliyoripotiwa ingeweza kusababisha. Nyuzilandi, ndugu wa ukoo wa Perano, waliokuwa wakiwinda kutoka Tory Channel tangu 1911, walipata 226 mwaka 1960, msimu wao bora kuliko yote. Miaka miwili baadaye hawakupata hata sehemu ya tano ya idadi hiyo, na mwaka 1964 wakafunga. Tangalooma nayo, mwaka 1962, iliambulia chini ya mia moja. Maelfu ya nyangumi walikuwa wametoweka, na hakuna daftari lililosema wamekwenda wapi.

Daftari la uongo: Umoja wa Kisovieti

Udanganyifu haukuanza na nchi moja. Katika miaka ya 1950, meli ya tajiri Aristotle Onassis, Olympic Challenger, ikipeperusha bendera ya Panama, iliwinda nje ya misimu na nje ya sheria. Peru iliikamata mwaka 1954 na faini ya dola milioni 3 ikalipwa. Lakini ulaghai wa mfanyabiashara mmoja ni mdogo mbele ya ule uliopangwa na dola.

Umoja wa Kisovieti ulikuwa mwanachama wa Tume tangu mwanzo. Kila msimu ulituma ripoti. Kwa nyangumi wa nundu wa kusini mwa dunia, ripoti zake za miaka yote baada ya vita zilijumlisha 2,710. Idadi ya kweli ilizidi 48,000. Katika misimu miwili tu, 1959 hadi 1961, meli zake ziliua karibu 25,000 katika bahari iliyo kusini mwa Australia na Nyuzilandi. Hilo ndilo lilikuwa jibu la fumbo la Chittleborough, na la ukoo wa Perano.

Inauma zaidi kujua sababu. Nchi hiyo haikuwa na njaa ya nyangumi. Meli za viwanda zilipewa lengo la uzalishaji, na wafanyakazi walilipwa bakshishi kwa kulipita. Lengo likipitwa, mwaka unaofuata linapandishwa. Wanyama waliuawa kwa wingi kuliko meli ilivyoweza kuchakata, na sehemu kubwa ya mizoga ilitupwa baharini. Hakuna mtoto aliyeshiba kwa ajili yao.

Baadhi ya wanasayansi waliokuwa ndani ya meli hizo waliandika takwimu za kweli. Nakala rasmi zilifungiwa kama siri ya serikali. Watu kama Yuri Mikhalev na Dmitri Tormosov walihifadhi kumbukumbu hizo kwa miaka mingi, kwa hatari yao wenyewe. Dola ya Kisovieti ilipovunjika, Alexey Yablokov, mshauri wa mazingira wa Rais Yeltsin, alisimama mbele ya wanasayansi wenzake mwaka 1993 akafichua yote. Nawaheshimu sana watu hawa. Hawakuweza kuzuia chusa hata kimoja, lakini walizuia uongo usiwe historia.

Kwa sisi wa Bahari ya Hindi, sehemu moja ya kumbukumbu hizo ina uzito wa pekee. Mwaka 1965 na 1966, hasa Novemba 1966, meli za Kisovieti zikiwa njiani kwenda Antaktiki zilipitia Bahari ya Arabuni. Katika maji ya Omani, Pakistani na India ziliua nyangumi wa nundu 242. Hawa hawakuwa wa kundi la kawaida. Nyangumi wa Omani hawahami kwenda kusini. Hula na kuzaa huko huko, katika bahari iliyo mbele ya Masira na visiwa vya Hallaniyat, kwa sababu upepo wa kusi huyapandisha maji ya baridi yenye chakula kingi. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba wametengana na jamaa zao wa kusini kwa takriban miaka 70,000. Mwaka 2017 jike mmoja aliyefungwa kifaa cha satelaiti alivuka kutoka Omani hadi pwani ya India. Waliobaki Omani wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Linganisheni: meli zilizopita njia ziliua katika muda mfupi zaidi ya mara mbili ya wote waliopo leo. Kundi hilo halijapona, na sasa linakabiliwa na nyavu na msongamano wa meli za mafuta.

Kuzuiwa, kupona, na wanaowinda leo

Nyangumi wa nundu alipewa ulinzi kwa vipande: Atlantiki ya Kaskazini mwaka 1955, kusini mwa dunia 1963, Pasifiki ya Kaskazini 1966. Ulinzi ulikuja pale ambapo kuwinda hakukulipa tena. Katika karne ya 20, nyangumi wa nundu karibu 250,000 waliuawa duniani, na zaidi ya 200,000 kati yao ni wa kusini mwa dunia, yaani pamoja na hawa wanaokuja kwetu.

Kisha dunia ikaanza kubadilika. Mwaka 1970 ilitoka sahani ya santuri yenye sauti za nyangumi wa nundu, na mwaka uliofuata Roger Payne na Scott McVay wakaeleza katika jarida la sayansi kwamba madume huimba nyimbo ndefu zenye mpangilio unaorudiwa. Watu waliomjua kama sabuni wakamjua kama mwimbaji. Mwaka 1978 Mfalme Taufa'ahau Tupou IV alipiga marufuku uwindaji Tonga, ingawa watu wake hawakuwa wao waliommaliza mnyama huyu. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi. Taifa dogo la visiwa vya jirani zetu ndilo lililofungua njia. Mwaka 1982 Tume ikapitisha zuio la uwindaji wote wa biashara, lililoanza 1986.

Leo nyangumi wa nundu huwindwa kihalali sehemu mbili, kwa mgawo wa mahitaji ya wenyeji. Bequia wana ruhusa ya wastani wa wanne kwa mwaka, na miaka mingine hawapati hata mmoja. Greenland, ambayo mgawo wake uliondolewa katika miaka ya 1980, ilirudishiwa mwaka 2010, na tangu 2014 ina ruhusa ya kumi kwa mwaka. Japani ilitangaza mwaka 2005 kwamba itaua 50 kila mwaka kwa jina la utafiti, ikaahirisha mwaka 2007 baada ya kelele za dunia, na haikuua hata mmoja chini ya mpango huo. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba mpango wenyewe ulikiuka mkataba. Japani ilijitoa katika Tume mwaka 2019 na inawinda nyangumi wengine, si huyu.

Matokeo ya zuio yanaonekana. Kundi la Brazili, lililokuwa limebakiwa na wanyama 450 hivi katika miaka ya 1950, sasa lina karibu 25,000. Mashariki mwa Australia, yalikobaki mamia machache, sasa kuna makumi ya maelfu, na mwaka 2022 serikali ya huko ilimwondoa nyangumi wa nundu katika orodha ya walio hatarini. Duniani kote waliokomaa wanakadiriwa kufikia 84,000. Ni moja ya habari njema chache sana katika historia ya mazingira, na haikuletwa na uvumbuzi wowote. Ililetwa na watu kuacha kuua na kuanza kuhesabu kwa haki.

Wajibu wetu

Hukumu yangu ni hii. Mwindaji wa Bequia au Tonga aliyeingia baharini kwa mashua ya tanga hana deni linalolingana na la makampuni na dola. Norwei na Uingereza zinawajibika kwa kuanzisha viwanda bila kujua idadi ya wanyama. Nchi zote zilizotia saini mwaka 1946 zinawajibika kwa kukubali kipimo kibovu. Umoja wa Kisovieti unawajibika kwa uongo. Na katika makosa hayo matatu, uongo ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu uliwanyima wenye nia njema uwezo wa kutenda.

Nasi tunalo la kufanya. Mwaka 2022, katika mkondo wa Unguja, alipigwa picha dume mmoja wa nyangumi wa nundu. Picha ya mkia wake ilipolinganishwa na nyingine duniani, ikaonekana ni yuleyule aliyepigwa picha Kolombia, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 2013 na 2017. Kati ya maeneo hayo kuna zaidi ya kilomita 13,000, umbali mkubwa kuliko wowote uliokuwa umeandikwa hadi wakati huo kwa mnyama wa jamii yake. Habari hiyo ilijulikana kwa sababu kuna watu waliotoka na boti Unguja, wakapiga picha, wakaandika tarehe na mahali, wakazitoa kwa wengine. Hilo ni daftari la kweli, na limeandikwa hapa.

Kenya iliingia katika Tume ya Kimataifa ya Nyangumi mwaka 1981, Tanzania mwaka 2008. Naomba wajumbe wetu waende huko na takwimu zetu wenyewe, si zile tunazosomewa na wengine. Naomba vyuo vyetu vya bahari viwape vijana boti, kamera na mafuta ya kutosha kila msimu wa kusi. Wenye boti za watalii, msimzingire mama aliye na ndama; mpeni nafasi apite. Na ninyi ndugu zangu wavuvi, nyangumi akinasa kwenye jarife lako, ametoka hai au amekufa, toa taarifa kwa afisa uvuvi. Serikali nazo zisimwadhibu mvuvi anayesema kweli kuhusu ajali ambayo hakuitaka, maana mvuvi akiogopa kusema, tutarudi kwenye madaftari ya uongo.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Waliisema kwa wafanyabiashara, na inatuhusu wote tunaoishi kwa bahari. Tuhesabu, tuandike kweli, na tuchapishe tulichoandika.